Majibu Yangu kwa Wazee wa Naviundu

Hapa Naviundu najulikana kuwa mtu wa "mambo ya uhuru". Wazee wenzangu huniita hivyo kwa mzaha, nami sikatai. Tukizungumza habari za nchi, wao wote hukaa upande mmoja, na mimi hubaki peke yangu upande wa pili. Wao hupenda kulinda mambo ya zamani: ardhi ya mababu, heshima ya mkubwa, adhabu kali kwa mwovu. Hayo si mabaya. Mzazi asiyelinda kitu hana cha kuwarithisha watoto wake. Lakini naona kwamba katika kuyalinda hayo, mara nyingine tunawafungia mlango watu ambao ni ndugu zetu. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti hili, nieleze polepole majibu ambayo barazani sipati wakati wa kuyamaliza.

Yafaa kwanza mjue mimi ni nani. Mimi ni Mlamba kwa baba na kwa mama. Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Mke wangu alizaliwa Likasi, na wazazi wake walitoka Kasai. Watoto wetu ni wa Lubumbashi. Hawaujui mji mwingine. Basi habari ninayoiandika si ya vitabuni tu. Inakaa nyumbani mwangu, inakula bukari pamoja nami.

Neno la kwanza la wazee ni hili: "Kila mtu arudi kwao."

Wanasema vijana wa Kasai wanafika juu ya malori, wameketi juu ya magunia, kazi haitoshi hata kwa watoto wetu, viwanja vimekwisha, wezi wamezidi. Mwenye nyumba ale kwanza, mgeni baadaye.

Shida wanayoitaja ni ya kweli, wala sitaki kuidharau. Mimi pia nina mtoto mwenye cheti asiye na kazi. Lakini nauliza: mwenye nyumba ni nani? Hapa hapa Naviundu wataalamu wa mambo ya kale walichimba vyungu na mabaki ya kuyeyushia shaba, vitu vya zaidi ya miaka 1000. Aina ile ya vyungu wakaipa jina la Naviundu. Mfinyanzi wa vyungu vile alisema lugha gani? Hakuna anayejua. Babu zangu Walamba hawawezi kuapa kwamba alikuwa wao.

Tuje karibu zaidi. Mwami M'siri wa Bunkeya, ambaye Wazungu walimwua tarehe 20 Desemba 1891, alitoka Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Mjukuu wake, Godefroid Munongo, alikuwa mmoja wa viongozi wa CONAKAT, chama kilichoanzishwa mwaka 1958 kutetea "Wakatanga wa kweli". Hakuna aliyemwambia Munongo arudi Unyamwezi, na ilikuwa haki kutomwambia, kwa kuwa Bayeke ni watu wa Katanga. Lakini ikiwa wajukuu wa mtu aliyetoka Unyamwezi wamekuwa wenyeji, kwa nini wajukuu wa mtu aliyetoka Kasai wasiwe wenyeji? Na mji huu wenyewe ulianzishwa mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière ilileta watu wa kazi kutoka Rodezia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Rwanda na Urundi. Hata Kiswahili hiki tunachogombania nacho kilitufikia kutoka mashariki. Tukifukuza kila kilichotoka mbali, tutabaki bubu.

Tena, hao vijana wa malori wanakimbia nini? Katika vita vya Kamwina Nsapu, miaka ya 2016 na 2017, watu zaidi ya milioni moja walihama makwao kule Kasai. Mtu ambaye kijiji chake kimechomwa hapandi lori kwa kupenda safari.

Na dawa ya kufukuza tumekwisha kuinywa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa hapa mjini, wakiogopa jirani zao. Miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa tena, mamia ya maelfu, kutoka Likasi, Kolwezi na penginepo. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa mashine. Aliiacha nyumba yake na milango wazi. Yeye na jamaa yake walilala karibu na stesheni majuma matatu wakingoja gari-moshi, na hapo mdogo wake mke wangu, mtoto wa miaka minne, akafa kwa ugonjwa wa kuhara. Walimzika haraka, na gari-moshi likaja siku ya pili yake. Mpaka leo mama mkwe hajaliona tena kaburi lile.

Je, kazi zilipatikana kwa waliobaki? Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha tani 50,000. Sitasema kwamba kufukuza watu peke yake ndiko kulikoiangusha. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umekwisha kuporomoka mwaka 1990, na fedha zilikuwa zimeliwa na wakubwa. Lakini nyumba za waliofukuzwa hazikuwa kazi. Aliyechukua kiti cha fundi hakupata ufundi wake. Na baada ya miaka kumi, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa fedha kidogo wakaambiwa waende nyumbani. Hapo hakuna aliyeulizwa kabila lake.

Mkumbuke pia kwamba Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, alifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kuhama na kukaa popote ndani ya nchi yake. Na Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema neno lilo hilo katika kifungu cha 30.

Neno la pili: "Atakayetawala awe mtoto wa baba Mkongo na mama Mkongo."

Mnakumbuka kwamba mwaka 2021 ulipelekwa bungeni mswada uliotokana na mawazo ya Bwana Noël Tshiani, wa kuwawekea watoto wa namna hiyo peke yao kiti cha Rais na vyeo vingine vikubwa. Watu wengi waliona kwamba ulimlenga Bwana Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani, ambaye baba yake alikuwa Myahudi wa Ugiriki. Wazee husema: nchi yetu inashambuliwa kutoka mashariki, Goma imetekwa Januari 2025, na Bukavu Februari, sasa si wakati wa kumwamini mtu mwenye mioyo miwili.

Naelewa hofu hiyo. Mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata ukamba. Lakini tuangalie historia yetu. Rais Mobutu alikuwa na baba Mkongo na mama Mkongo. Alitawala tangu 1965 mpaka 1997, na sote tunajua aliiachaje nchi. Usaliti haukai katika damu, unakaa katika moyo na katika mfuko. Tukitaka kuwalinda wananchi, tuwachunguze viongozi wanaoweka fedha nje na kutia sahihi mikataba ya siri, hata kama babu zao wote walizikwa hapa.

Na sisi Wakatoliki tuna sababu yetu ya kuogopa kupima damu. Wakati wa Wabelgiji, watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa mama zao wakapelekwa kwa watawa, kwa kuwa serikali ilidhani damu yao ni hatari. Wanawake watano waliochukuliwa hivyo na kulelewa katika misioni ya Katende, Kasai, walikwenda mahakamani wakiwa wazee. Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ilihukumu kwamba serikali ya Ubelgiji iliwatendea uovu mkubwa dhidi ya ubinadamu. Wale walikuwa watoto wadogo tu. Leo tunataka kuwaambia wajukuu wao kwamba wao ni Wakongo wa nusu?

Neno la tatu: "Msaliti na jambazi wauawe."

Tarehe 13 Machi 2024 Waziri wa Haki alitia sahihi barua ya kurudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, uliokuwa umesimamishwa tangu 2003. Wazee walifurahi. Mmoja wao alivunjiwa mlango usiku. Mkewe alipigwa panga la mkono, na mpaka leo hawezi kukamata mwiko. Aliniambia: "Mwalimu, wewe una huruma kwa sababu halikukupata." Sikumjibu upesi, kwa maana maumivu hayashindwi kwa maneno. Tulikwenda kumlimia mkewe shamba, mimi na wanangu, na baadaye ndipo nilipomjibu.

Nilimwuliza: baba, wewe unaziamini mahakama zetu? Akacheka. Yeye mwenyewe alipata kushindwa kesi ya kiwanja kwa sababu mwenzake alikuwa na bahasha nene. Basi nikamwambia: mahakama usiyoiamini kwa kiwanja cha mita ishirini, utaiaminije kwa uhai wa mtu? Kiwanja ukidhulumiwa, yawezekana kurudishwa. Aliyepigwa risasi harudishwi, hata kama mwezi wa pili mwizi wa kweli amekamatwa. Na atakayeuawa ni nani? Mwenye fedha atanunua wakili. Atakayebaki ni mtoto wa maskini, asiyejua Kifaransa cha hakimu.

Simaanishi mwovu aachwe huru. Afungwe, afanye kazi, alipe. Kanisa nalo limetuonyesha njia: mwaka 2018 Papa Fransisko alibadili maneno ya Katekisimu, ikafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kabisa, kwa kuwa inavunja heshima ya mtu, ambayo haimwondoki hata akikosa vibaya. Wazee wangu hupenda kusema kwamba wao ni watu wa kushika mafundisho. Basi na hili ni fundisho.

Neno la nne: "Mkubwa habadilishwi kama shati."

Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba ataweka tume ya kufikiri juu ya Katiba mpya. Wazee wengine husema: mfalme wa zamani alitawala mpaka kufa, na nchi ilitulia, hizi hesabu za miaka mitano mitano ni za Wazungu, zinaleta fujo tu.

Hapo nawajibu kwa desturi yenyewe. Mfalme wa zamani hakutawala peke yake. Alikuwa na wazee wa baraza, na miiko iliyomfunga. Leo tumemwondolea mkubwa miiko ya kale. Tukimwondolea na Katiba, atafungwa na nini? Kifungu cha 220 kinakataza kabisa kugusa hesabu na urefu wa vipindi vya Rais. Waliokiandika walikuwa wametoka katika vita, wakijua ubaya wa mtawala asiyeondoka. Tena kifungu hicho kimelipiwa kwa damu. Tarehe 31 Desemba 2017, halafu Januari na Februari 2018, Wakristo waliandamana baada ya Misa, rozari mkononi, wakidai Rais wa wakati ule aheshimu muda wake. Wengine walipigwa risasi, na mmoja wao alikuwa msichana aliyetaka kuwa mtawa. Wengi wanaotawala leo walifaidika na maandamano yale. Lango ulilopitia wewe usilifunge nyuma yako.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba nawacheka wazee. Wamenifundisha mengi. Wao hawasahau makaburi, na vijana wengi wa "uhuru" wanayasahau. Wao hujua kwamba uhuru bila adabu hugeuka ulevi. Naomba tu kwamba ulinzi wao uwe mpana kidogo. Mlinzi mwema hulinda nyumba pamoja na wote waliomo, hata yule aliyeingia jana usiku kwa sababu ya mvua.

Na ninyi vijana mnaokubali mawazo yangu, msiwajibu wakubwa kwa kelele. Jueni tarehe, jueni vifungu vya sheria, halafu nendeni mkasaidie kulima. Neno la mtu aliyekusaidia husikika.

Mwaka huu mjukuu wetu wa kwanza ataanza shule. Siku moja mwenzake atamwuliza, "Kwenu ni wapi?" Bibi yake na mimi tumemfundisha ajibu, "Kwetu ni Naviundu." Nawaomba ninyi majirani, wazee na vijana, mtoto huyo akijibu hivyo, asikute mtu wa kumsahihisha.