Difu ya Nyuma

Jumamosi, 5 Aprili 2025
Mlio umerudi. Wakati wa kwenda Mama aliusikia: "Gari linalia nini, mwanangu?" Nikamjibu ni barabara. Kurudi peke yangu, Kiwira hadi Uyole, haukuniacha. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unabadilika, mzito, kama mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani. Si beringi ya gurudumu. Kona za kulia na kushoto haziubadilishi. Unatoka chini ya kiti cha nyuma.
Tarehe 17 Mama ana kliniki. Na mvua ya Tukuyu hii!

Jumapili, 6 Aprili
Fundi kaja baada ya ibada. Kaanza na nati ya juu, ya kujazia, ndipo akafungua ya chini. Nimempenda kwa hilo: ukishamwaga oili kisha ya juu ikagoma, gari linabaki kavu hapo hapo.
Imetoka oili kidogo sana, nyeusi, inametameta. Kwenye sumaku kipande cha chuma. Jino zima!
Sili ya pinioni imelowa. Juu ya difu, kitundu cha kupumulia kimezibwa na tope kavu. Difu ikipata moto, hewa ndani inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Forester hii difu yake inabeba lita 0.8 tu. Ikipungua kidogo, meno yanasagana. Waliolimiliki gari hili kabla yangu hawakukisafisha kitundu hicho hata siku moja, naona wazi. Nina hasira, sili chakula.

Jumatatu, 7 Aprili
Siku ya Karume. Maduka ya spea Dar yamefungwa. Jirani anasema chomeka fyuzi ya FWD kwenye boneti, uendeshe kwa magurudumu ya mbele. Hapana. Fyuzi inakata nguvu tu. Magurudumu ya nyuma bado yanaizungusha difu, na gia iliyovunjika jino imo humo humo. Gari halitoki.

Jumanne, 8 Aprili
Kaka yuko mtaa wa Gerezani, Dar, tangu asubuhi, ananitafutia difu nyingine, simu mkononi. Muuzaji: "Zote zinaingia, dada yangu."
Zinaingia, ndiyo. Nati zile zile, umbo lile lile. Ndani ndiyo shida. Ya kwangu ni 4.444: krauni meno 40, pinioni 9. Kuna za 4.111, meno 37 kwa 9, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukifunga hiyo, mbele wanadai mwendo wao na nyuma wao, wanavutana kila mita ya lami mpaka klachi ya kugawa nguvu kwenye gia boksi inaungua. Hapo unalilia gia boksi, si difu tena.
Nikamwambia Kaka: shika upande mmoja usizunguke, upande wa pili zungusha mizunguko miwili kamili, hesabu pinioni. Ya kwanza: nne na kitu kidogo. Rudisha. Muuzaji kakasirika, na akasirike. Ya pili: nne na nusu kasoro. Nikamrudisha Kaka ahesabu upya mbele ya kamera. Nne na nusu kasoro! Aitikise pinioni juu na chini: imetulia. Lipa, Kaka, lipa.

Alhamisi, 10 Aprili
Mzigo umefika stendi ya Nane Nane na basi la usiku. Mzito kweli. Nimeufuta vumbi mwenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili
Imefungwa. Fundi kaweka alama ya rangi kwenye propela kabla ya kuitoa, ili irudi vile vile isije ikatetema. Sili ya pinioni mpya, kabla difu haijapanda. Kitundu kimezibuliwa kwa waya, kikapulizwa. Gari likiwa sawa kwenye jeki, oili ya GL-5, 75W-90, mpaka ikaanza kumwagika tunduni.
Hadi Igawilo na kurudi. Kimya! Nimezima redio nikisikilize hicho kimya.

Jumatano, 16 Aprili
Tairi moja la nyuma ni jipya, matatu yamelika. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote hilo halifai. Mizunguko haiwi sawa, difu na klachi vinafanya kazi bila kupumzika. Nimetafuta manne ya aina moja. Pesa imekwenda. Sijuti.

Alhamisi, 17 Aprili
Tope hadi nusu ya tairi pale kwenye kona ya kwa Mama. Gari limepanda. Mama kalala njia nzima. Daktari kasema presha imeshuka.

Jumapili, 4 Mei
Kilomita elfu moja. Nimemwaga oili ile ya kwanza. Kwenye sumaku tope laini jeusi, hakuna kipande. Sili kavu, kitundu wazi. Difu hii ni nzima.