Nasaba ya Bwana wa Kilimambogo



Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wetu Hanang ulishusha tope na mawe juu ya Katesh. Habari za msiba ule sina haja ya kuwaeleza, kwa kuwa wengi wenu mlikuwako. Nataka kunena juu ya jambo dogo lililofuata. Watu walipokwisha kuzika walirudi matopeni, wakawa wakichimbua vyeti, picha na makaratasi ya nyumbani. Baba yangu mkubwa hakuchimbua kitu. Aliniita, akasema, "Mwanangu, mimi sina karatasi ya kupotea. Lakini siku mlima utakaponichukua mimi, majina yote yamekwenda. Lete daftari."

Nikaketi, naye akanitajia wazee wetu mmoja mmoja, tangu baba yake hata yule wa saba, pasipo kusita, kama mtu asomaye mlango wa kwanza wa Injili ya Mathayo. Nilipofunga daftari akaniuliza, "Na wale wazungu waliokuwa na mashamba makubwa, wao huwajuaje wazee wao?" Sikuwa na jibu, nami ni mwalimu.

Likizo iliyofuata nalikwenda Nairobi kumtazama ndugu yangu. Karibu na msikiti wa Jamia iko maktaba ya McMillan, nyumba ya mawe yenye nguzo nene na simba wawili wa mawe mlangoni. Nikakumbuka swali la mzee. Nikasema moyoni, huyu mwenye jina hili alikuwa Mmarekani, tena setla mkubwa; nitamfuata yeye, nione njia yake inafika wapi.

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka wa 1872 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Baba yake, jina lake William vilevile, alitajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli. Ukoo wao ulikuwa wa Waskoti, waliohamia kwanza Kanada na kisha Marekani. Mama yake aliitwa Eliza Northrup. Basi jina lile la katikati, ambalo hata leo watu humtaja kwalo, ni jina la ukoo wa mama yake. Mumewe alipokufa, Eliza aliwajengea wasichana wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis nyumba ya kulala, akaipa jina la marehemu. Nilipoyajua hayo nalishangaa kidogo, kwani ile maktaba ya Nairobi nayo ilijengwa na mjane, Lucie McMillan, kwa ukumbusho wa mumewe.

Kumfuata mtu wa namna hii si kazi ngumu. Kila ziwapo fedha, iko na karatasi: hati ya shamba, hesabu ya kiwanda, wosia, cheti cha ndoa. Lakini msidhani kwamba huko Marekani kila mtu ana karatasi. Katika jimbo lilelile la Missouri utumwa ulidumu hata 1865, na serikali yao ilipohesabu watumwa mwaka wa 1850 na wa 1860 iliandika umri wa mtumwa, na kwamba ni mume au mke, pamoja na jina la bwana wake. Jina la mtumwa mwenyewe kwa kawaida halikuandikwa. Wajukuu wao wanaotafuta hufika mahali hapo njia ikakatika.

Sasa turudi kwa bwana wetu. Mwaka wa 1903 alijaribu kuufuata mto wa Nili ya Buluu kwa mashua, mashua zikavunjika. Baadaye akaja nchi ambayo sasa ni Kenya, akapata shamba la Juja, karibu ekari 20,000, na ardhi nyingine penye mlima ambao Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk na wengi huuita Kilimambogo. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake Juja. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, McMillan alipigana upande wa Waingereza, nao wakampa cheo cha Sir. Akafa Ufaransa mwaka wa 1925, akaletwa kuzikwa Kilimambogo.

Nami nikapanda kule. Huelezwa kwamba alitaka kulala kileleni, ila gari lililomchukua likashindwa kupanda, wakamzika begani mwa mlima. Karibu naye amelala Bibi Lucie, aliyefariki 1957, na mtumishi wao Louise Decker, na mbwa wao. Ndiyo, mbwa pia ana kaburi. Mahali pale pako ndani ya hifadhi ya taifa. Hakuna alimaye wala alishaye, na upepo ni mzuri.

Niliporudi Katesh nikamsomea baba mkubwa yote niliyoandika. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza, "Aliacha watoto wangapi?"

"Hakuacha mtoto, baba."

"Na jina lake lingaliko?"

"Liko juu ya mlango wa maktaba, tena liko katika sheria ya Kenya tangu 1938. Mlango wenyewe ulifunguliwa 1931, lakini hata 1958 mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia kusoma."

Akanyamaza kitambo. Neno la mama yake Northrup ndilo lililompendeza. Akanirudisha hapo mara mbili, nilisome tena. Halafu akasema, "Kesho tutakwenda Basotu."

Wageni wa mbali huenda hawajui. Sisi Wabarabaigi tunapomzika mzee mwenye heshima humjengea bung'eda, kichuguu kikubwa cha udongo na miti, na kazi yake na sherehe zake huchukua miezi mingi. Hiyo ndiyo hati yetu. Karibu na mwaka wa 1970, kwa msaada wa Kanada, yalianza mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu, yakafika saba, juu ya malisho yetu. Baadhi ya bung'eda zikapitiwa na majembe ya trekta. Jambo lile lilifika mahakamani miaka ya 1980 na limeandikwa vitabuni, nami sitalirudia. Nalitafakari tu njiani kwamba wazee wa McMillan nao walipitia Kanada wakitafuta ardhi, na mwana wao akaja kulala salama katika mlima wa watu wengine.

Tulifika jua likiwa kali. Mabua ya ngano yalikuwa mafupi, na ng'ombe walikuwa wakitembea humo. Mzee akasimama penye mgunga, akageuka akautazama Hanang, akahesabu hatua zake mwenyewe kwa sauti, akaenda hata ukingo wa shamba ambapo jembe halikufika. Pale palikuwa na mwinuko wa udongo, haufiki kiunoni pangu, umeota nyasi. Kwa macho yangu ungeweza kuwa kichuguu cha mchwa. Yeye alivua kofia, akaketi chini.

"Lete daftari," akasema.

Nikamsomea majina saba. Nilipofika la tatu aliinua mkono. "Huyu ndiye aliyelala hapa. Uliandika jina lake peke yake?"

"Ndiyo, baba. Ndivyo ulivyonitajia."

"Basi acha nafasi. Andika na jina la mama yake."

Akanitajia. Sikuwa nimepata kulisikia tangu kuzaliwa kwangu, nikamwomba alirudie polepole, nisikosee herufi.