Nikienda Brek, Nani Anabaki?

Huku nyumbani watu hupenda kunitania: "Si ulienda Marekani kuosha wazee?" Eeh, niliwaosha, na sioni aibu. Kilichonimaliza si wazee. Ni hesabu.

Nilifanya shifti ya usiku Minnesota, saa tano hadi saa moja asubuhi. Floo yetu ilikuwa na wazee 26, wahudumu wawili, na nesi mmoja aliyegawanywa kati ya floo mbili. Kwa karatasi tulitosha. Lakini kila mtu lazima ale. Mwenzangu akienda brek nusu saa, nabaki peke yangu na watu 26. Akirudi, naenda mimi. Hiyo ni saa nzima kila usiku floo iko na mtu mmoja, na hakuna ratiba inayoionyesha.

Usiku mmoja nilikuwa nimemgeuza mzee kitandani, nikimbadilisha. Humwachi hapo, ataanguka. Taa ya kuita ikawaka chumba cha pili. Cucu mmoja, mwalimu mstaafu, alitaka choo. Nikamwita asubiri. Alisubiri kiasi, aki, kisha akaamka mwenyewe. Nilisikia ule mshindo. Nyonga ilivunjika.

Mwenzangu, anti mmoja wa Kisii, alikuja mbio na chapati mkononi. Tangu siku hiyo aliacha kwenda brek. Alikula amesimama, taa zikiwaka, na bado mshahara wake ulikatwa nusu saa kila usiku. Mashine ilikata yenyewe. Sheria ya Marekani inasema brek ya chakula inaweza kukosa malipo kama umeachiliwa kazi kabisa. Ukila huku unahudumia watu, hiyo ni kazi na inalipwa. Sisi hatukujua, na hata tungejua, nani angeongea?

Mwaka 2024 serikali yao iliweka kiwango cha saa 3.48 za huduma kwa kila mzee kwa siku. Mwaka 2025 mahakama ya Texas ikakitupa. Kwangu kilikuwa kitu kizuri, ila wastani wa siku nzima haukuambii nani yuko saa nane usiku.

Niliomba tuletewe mtu wa kushika brek tu, hata masaa manne. Nikaambiwa bajeti. Basi tukajipanga wenyewe: kabla ya brek tunapitia vyumba vyote, choo, maji, kisha nesi analeta karatasi zake anaandikia kwetu. Ilisaidia, usiku ambao nesi alipatikana.

Kama uko kwa kozi ya kuhudumia wazee saa hii, ukifanyiwa intavyuu usiulize mshahara pekee. Uliza ukienda brek nani anashika floo.

Cucu alirudi kutoka hospitali akiwa kwa kiti cha magurudumu. Kila nikiingia shifti alikuwa ananiuliza, "Leo nani anaenda kula kwanza?" Nikimwambia saa, anaomba apelekwe choo mapema.