Kilango cha Tabo

Hapa Ngamiani, katika barabara zetu za namba, twaona fundi wa magari akishika spana mkono mmoja na kompyuta mkono wa pili. Kompyuta hiyo ni ya nini?

Tabo, iliyobuniwa na Alfred Büchi wa Uswisi mwaka 1905, ni pangaboi liendeshwalo na moshi wa injini, nalo hushindilia hewa ndani ya injini ili ipate nguvu. Kando yake pana kilango cha kuupitishia pembeni moshi uliozidi. Kisipofungika sawasawa, gari hulegea mlimani. Kisipofunguka, hewa huzidi na injini yaweza kuvunjika. Katika magari ambayo kilango chake huendeshwa kwa umeme, fundi hukifunga, husoma volti katika programu, kisha huizungusha nati ya fimbo yake kidogo kidogo, hata hesabu ilingane na kitabu cha mtengenezaji.

Wako wenye magari watakao fimbo ikazwe kupita kiasi, wapate mbio. Wako na mafundi wasemao, “Nunua tabo mpya,” kabla ya kupima. Hao wote twawasihi waache. Mwenye gari hakioni kilango kile; amemwamini fundi, na abiria wamewaamini wote wawili. Kupima kwa haki mahali pasipoonekana ndiko kumpenda jirani, na Mungu hupaona.