Mama Mkwe, Wiki ya Kissimmee na Twiga wa Disney

Ukimwambia Mbongo wa Columbus, Ohio kwamba unapeleka familia Orlando, hakuulizi lini. Anauliza: "Mnalala ndani au nje?"

Ndani maana yake ndani ya ardhi ya Disney yenyewe, ile iliyofunguliwa Oktoba 1971 na yenye ukubwa wa maili za mraba karibu 40. Nje maana yake Kissimmee, barabara ya 192, International Drive na mitaa ya jirani, ambako rizoti za taimshea zimebanana kama maduka ya Kariakoo. Taimshea, kwa asiyeijua, ni kununua wiki moja ya kila mwaka kwenye nyumba ya likizo, au pointi zinazolingana na wiki hiyo. Wiki zilizobaki wanazo wengine. Disney nao wana ya kwao tangu 1991, wanaiita klabu ya likizo, lakini ukiivua nguo ni mnyama yuleyule.

Kuna jamaa na mkewe ambao kwenye swali hilo walijibu: kote kote.

Wako Ohio mwaka wa kumi na moja. Mama mzazi wa mke alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa miezi mitatu, na mtoto wao wa kike ana miaka sita, umri ambao Disney siyo ombi tena, ni madai. Mfanyakazi mwenzake jamaa alikuwa na wiki yake ya taimshea Kissimmee na hawezi kwenda, akawaachia kwa dola 600. Vyumba viwili vya kulala, siku saba. Mke naye kimyakimya akakodi pointi za mwanachama wa ile klabu ya Disney, alale siku tatu za mwishoni kwenye hoteli ya Animal Kingdom, upande wa Kidani Village. Pointi 66, dola 20 kila moja. Alipomwambia mumewe, kasheshe.

"Dola 1,320 kwa siku tatu? Halafu mama atoke Tanzania aje Florida kuangalia twiga?"

"Mama hajawahi kuingia mbuga hata moja maisha yake yote. Wewe umewahi?"

Hajawahi. Kimya kikapita, wakapakia gari. Columbus mpaka Orlando ni zaidi ya maili 900, na kwenye buti kulikuwa na unga wa sembe kilo kumi.

Kissimmee ikawapokea vizuri, hilo lisemwe. Jiko la plate nne, friji kubwa kuliko la kwao, mashine ya kufulia, bwawa chini ya ghorofa, na mama ana chumba chake na choo chake. Jioni ya kwanza bibi alisonga ugali, akakaanga samaki wa dukani, akasema hapa sasa ni nyumbani kwa watu. Ukigawa zile dola 600 kwa siku saba inakuja kama dola 86 kwa siku, kwa watu wanne. Hakuna hoteli ya maana ndani ya Disney itakayokupa bei hiyo, wala usihangaike kutafuta.

Bei ya kweli ilianza kesho yake asubuhi.

Watu wengi hawajui kwamba Magic Kingdom, ile yenye kasri la kwenye picha, huwezi kuifikia kwa gari lako mpaka mlangoni. Unaegesha ng'ambo ya ziwa, kwenye maegesho ya kulipia, unapanda kigari cha kukokotwa mpaka kituoni, halafu unachagua: kivuko au treni ya reli moja. Ndipo unafika getini. Kwa vijana hiyo ni sehemu ya raha. Kwa mama wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, ni safari kabla ya safari. Walitoka nyumbani saa mbili, wakaliona kasri karibu saa nne.

Saa nane mchana mtoto alianza kulia kwa uchovu. Kurudi kulala kidogo? Kivuko, kigari, gari, foleni ya 192, halafu yote tena jioni. Wakabaki. Bibi alikaa kwenye benchi, viatu pembeni, mpaka fataki zikarushwa usiku. Kila akiulizwa anasema yuko sawa. Mkewe jamaa anamjua mama yake, alijua hayuko sawa.

Siku ya tatu ikaja ile ishu. Pale mapokezi walikuwa wameahidiwa tiketi za punguzo na kifungua kinywa cha bure endapo watasikiliza maelezo ya dakika 90. Wana ndoa lazima waje wote wawili, hilo ni sharti. Bibi na mjukuu wakabaki bwawani.

Dakika 90 zilikuwa masaa manne. Muuzaji alikuwa mcheshi, anauliza habari za Tanzania, anaitaja Serengeti kana kwamba kalala pale jana. Hakuongelea bei hata kidogo. Aliuliza, "Mwanenu mnataka akumbuke nini kuhusu utoto wake?" Mke akainama. Yeye utoto wake anaoukumbuka ni wa kuuza vitumbua stendi. Bei ilipoandikwa ilikuwa kubwa ya kutisha, wakakataa. Akaja meneja, ikashuka. Wakakataa. Akaja mwingine na mkopo wa miaka kumi, ikawa kiasi tu kwa mwezi, sawa na bili ya simu za nyumba nzima. Aliyesaini kwanza ni mke. Jamaa akafuata. Dola 2,150 za kuanzia zikakatwa kwenye kadi, watu wakapiga makofi, wakapewa mfuko wenye nembo.

Jioni bibi akauona ule mfuko mezani. Kiingereza hasomi, ila makaratasi yenye mihuri anayajua.

"Hati ya kiwanja?"

"Hapana mama. Ya hapa. Tumenunua wiki."

"Mmenunua nini?"

"Wiki. Kila mwaka tunakuja wiki moja. Haina mwisho, hata mjukuu wako atairithi."

Bibi alimwangalia binti yake kwa muda. Huko Tanga, njia ya Pongwe, kuna nyumba ya vyumba vitatu iliyoishia kwenye linta mwaka wa nne sasa. Bibi ndiye msimamizi. Ndiye anayemfukuza jirani anayefunga mbuzi sebuleni. Kila Desemba anaambiwa mabati yanakuja, na kila Desemba anaambiwa wakishapaua tu wanarudi.

"Kwa hiyo hamrudi," akasema. Haikuwa swali. Akaenda kukunja nguo zilizotoka kwenye mashine.

Usiku ule wenye nyumba hawakulala. Hawakugombana pia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Kumi na moja ni miaka mingi ya kusema "mwakani", na hakuna kati yao aliyewahi kumkalisha mwenzake chini kumuuliza kama bado anamaanisha. Sasa kulikuwa na karatasi imewajibia, yenye sahihi zao. Saa saba usiku jamaa akaanza kuyasoma yale makaratasi kwa tochi ya simu, ukurasa kwa ukurasa, akaikuta: sheria ya Florida inampa mnunuzi wa taimshea siku 10 za kughairi bila sababu yoyote, na haki hiyo haifutiki hata kama umesaini kwamba umeikataa. Pale mezani hakuna aliyeigusia kwa mdomo. Asubuhi barua ikaandikwa, ikapelekwa posta kwa rejista, risiti ikapigwa picha mara tatu. Bibi hakuambiwa.

Jumamosi wakahamia kwa Disney.

Hapa Mswahili lazima acheke. Hoteli yenyewe imepewa majina ya kwetu kuanzia mlangoni. Jengo moja Jambo House, lingine Kidani. Duka linaitwa Zawadi, bwawa ni Uzima, uwanda wa wanyama mmoja unaitwa Arusha, mgahawa wa kifahari unaitwa Jiko. Chumbani kwao kulikuwa na mikrowevu, kifriji na kitengeneza kahawa, jiko la kupikia halipo. Studio za klabu ndivyo zilivyo, plate na mashine ya kufulia unavipata ukipanda daraja la chumba kimoja cha kulala na kuendelea. Kwa hiyo jiko hakuna, Jiko ipo, na ukitaka kula pale uweke nafasi mapema na pochi iwe imeshiba. Bibi aliposomewa ramani ya hoteli akasikia kuna Zahanati, akasimama. Alitaka apimwe presha. Ni jina la sehemu ya mazoezi na masaji. Alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu ile jioni ya mfuko.

Chumba kilikuwa kimoja. Bibi na mjukuu kitandani, wenye ndoa kwenye sofa la kukunjua, pua na pua. Bibi anakoroma. Unga wa sembe ukarudi kwenye buti.

Lakini asubuhi walipofungua pazia la roshani, twiga alikuwa pale, hatua chache tu, anatafuna. Nyuma yake pundamilia. Bibi hakupiga kelele. Alivuta kiti, akaomba chai, akakaa. Walipomwambia basi la Magic Kingdom linaondoka akasema nendeni, mimi niko na wageni.

Na lile basi ndilo lililomfundisha jamaa tofauti ya ndani na nje. Ni la bure, linaanzia hotelini, linakushusha karibu kabisa na geti. Hakuna kivuko, hakuna maegesho ya kulipia. Wanaolala ndani wanaingia nusu saa kabla ya wengine. Saa saba mchana mke alimrudisha mtoto akalala, saa kumi na moja wakarudi mzigoni na bibi juu, magoti yamepumzika. Siyo kwamba ni peponi: hoteli hiyo haina treni wala vile vibebeo vya kamba vya angani vilivyoanza 2019, ni basi tu, na usiku watu wakitoka wote pamoja utasimama. Ila kusimama dakika ishirini na kusimama saa moja na nusu ni vitu viwili.

Siku ya mwisho jamaa akapita kwenye meza ya klabu, mwenyewe. Hapakuwa na makofi wala meneja wa pili. Dada mmoja alimweleza na kumwacha afikirie, na hiyo kwa kweli ni hatari zaidi, maana mtu akiachwa afikirie anajiuza mwenyewe. Pointi mpya ni zaidi ya dola 200 kila moja. Ukichukua 150, umeshavuka dola elfu 30, na ada ya kila mwaka inapita dola elfu moja hata kama hukuja. Nafasi kwenye hoteli uliyonunua unaiomba miezi 11 kabla, hoteli nyingine za klabu miezi 7. Pointi za mwaka huu unaweza kuzisogeza mwakani, au kuazima za mwakani.

Tofauti na zile za nje ipo, tena kubwa. Wiki nyingi za nje, ukitaka kuziuza, utazikuta mtandaoni zinagawiwa kwa dola moja na bado hazina mchukuaji, kwa sababu anayechukua anarithi ada. Za Disney zinauzika kwa hela ya kueleweka, ingawa tangu Januari 2019 anayenunua kwa mkono wa pili haruhusiwi kulala kwenye baadhi ya hoteli mpya. Na zina mwisho. Mkataba wa hapo Kidani unaisha 2057.

Jamaa akauliza tena mwaka. 2057. Atakuwa na miaka sabini na kitu. Kwa familia ya Ohio ambayo itaendelea kuwa ya Ohio, inayokuja kila mwaka bila kukosa, hesabu hiyo inaweza kukaa sawa, pengine vizuri sana. Yeye alichukua kijitabu, akashukuru, akaondoka. Kukodi pointi za mtu kwa siku tatu hakumuulizi mtu atazeekea wapi.

Alimkuta mkewe roshani na mama yake. Giza lilikuwa linaingia, wanyama wanarudishwa mabandani. Akakaa sakafuni.

"Mama, ile wiki tumeirudisha."

"Wanakubali kurudishiwa?"

"Wanakubali. Hela itarudi kwenye kadi."

"Na nyinyi?" bibi akauliza. "Mnarudi?"

Mke akasema mabati kwanza. Jamaa akasema ndiyo, mabati kwanza. Hakuna aliyetaja mwaka.

Zile dola 2,150 zilirudi. Mabati yamefika njia ya Pongwe, jirani amehamisha mbuzi wake. Bibi ana picha ya twiga kwenye simu, anayeiona anamuuliza ni Saadani au Mikumi. Na mwezi uliopita yule mfanyakazi mwenzake jamaa ameuliza tena kama wanaitaka wiki yake, dola 600, jibu lipatikane kabla ya mwisho wa Februari. Mke anasema afadhali walale ndani siku tatu. Jamaa anasema nauli ya Dar kwa watu watatu imeshuka.