"DAMU ZENU HAZIPATANI": NENO LA MAMA MKWE LILILOTAKA KUVUNJA NDOA MSANGENI

Mtaani neno hili limezoeleka. Chaja haiingii kwenye simu, fundi anasema haviendani. Mtu umemwona leo tu na humpendi bure, unasema damu zetu hazipatani. Wapenzi wakimwagana wanaandika "nyota haziendani", maisha yanasonga.

Sasa kuna dada mmoja wa Dar, kaolewa na kijana wa Msangeni, kule milima ya Upare. Mtoto wa kwanza alizaliwa salama kabisa. Mimba ya pili, miezi saba, mtoto akafia tumboni. Alipopandishwa kijijini kupumzika, mama mkwe alimpikia makande, akamhudumia vizuri tu. Usiku akamwita mwanawe sebuleni. Dada akasikia yote kutoka chumbani: "Mwanangu, damu zenu hazipatani. Tafuta mwingine."

Walivyorudi Dar, mume akasema kabla ya lolote tukapime.

Majibu: mke O hasi, mume O chanya. Kumbe mama hakubahatisha! Nesi akawaeleza taratibu. Ugomvi wenyewe hauko kati ya mke na mume. Mtoto akirithi chanya ya baba, damu yake kidogo huingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wa mama unaiona ni adui, unatengeneza kinga. Wa kwanza kwa kawaida anapona. Anayefuata, akiwa chanya, ndiye anayeshambuliwa.

Kilichomliza dada ni hiki: sindano ipo, inaitwa anti-D. Huchomwa karibu wiki ya 28 ya mimba, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Yeye hakuchomwa, na hakuna aliyewahi kumwambia group lake. Kinga ikishajengeka, sindano haisaidii tena. Mimba ijayo itabidi ifuatiliwe kwa karibu na daktari bingwa, na hakuna aliyemuahidi kitu.

Mume akapiga simu Msangeni. "Mama, ulisema kweli, damu hazipatani. Ila mimi na huyu tunapatana."

Kimya. Simu ikakatwa.

Wiki mbili baadaye mama akapiga, safari hii kwa mkwewe mwenyewe. Hakuomba msamaha. Aliuliza tu: "Mwanangu, wifi yako ana mimba ya miezi minne. Hiyo damu anapimwa wapi?"

Haya wadau, wewe na mwenzako, group zenu mnazijua?