Mzee, Mimi na Tairi la Mchina

Mzee alifariki wiki ya kwanza ya masika, na vijana wa stendi wakaniomba niseme neno msibani kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kati ya wale aliowafundisha tangu mwanzo. Nikasimama, nikasema alikuwa mtu wa watu, nikakaa. Sikusema kwamba kwa miaka ishirini hatukusemezana ila salamu, wala kwamba kilichotutenganisha ni tairi. Mbele ya jeneza mambo ya tairi hayasemwi. Nayasema hapa.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Kilosa mwaka 1957, baba akikata mkonge, mama akiuza vitumbua. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikapanda gari moshi kwenda Morogoro kwa mjomba. Mjomba hakuwa na kazi ya kunipa, lakini alikuwa na jirani aliyeziba pancha chini ya mwembe kando ya barabara ya Iringa. Jirani huyo ndiye Mzee. Siku zile hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, kifua kama pipa, na vyuma viwili vya kufungulia tairi ambavyo hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Mwaka wa kwanza nilipiga pampu tu. Wa pili nikaruhusiwa kukwangua tyubu na kupaka gundi. Wa tatu ndipo akanifundisha rimu ya lori, ile yenye ringi ya chuma inayolibana tairi lisitoke. Ringi isipokaa vizuri, ukijaza upepo inachomoka kama kombora, na ikimkuta mtu usoni kinachofuata ni sanda. Mzee alikuwa akilifunga gurudumu zima kwa mnyororo kabla ya kujaza, kisha anasimama ubavuni, hajapata kusimama mbele. "Upepo hauna rafiki," aliniambia. Hadi leo nikimwona kijana ameinamia rimu ya ringi kama anayesoma gazeti, nasimama palepale nilipo na kumtukana.

Halafu zikaja zile shida. Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni, na tairi likawa bidhaa ya kibali. Kiwanda cha General Tyre kilikuwepo Arusha, lakini mahitaji ya nchi nzima yalikuwa foleni isiyo na mwisho. Aliyekuwa na kibali cha tairi mbili alitembea mjini kama mwenye hati ya shamba. Sisi wa chini ya mwembe tukaanza kuchonga. Unalichukua tairi kipara, unapasha kisu makaani, unalichora meno upya. Kwenye baadhi ya matairi ya lori jambo hilo lina haki yake. Huwa yametengenezwa na raba ya akiba chini ya meno, na ubavuni yameandikwa REGROOVABLE. Tairi la gari dogo halina akiba hiyo. Ukilichonga, kisu kinakutana na nyuzi, na mteja anaondoka na sura ya tairi, si tairi. Tulichonga yote, ya lori na ya gari dogo. Mzee alishika kisu, nami nilishika taa. Sijisifii, wala simtupii yeye peke yake.

Ilipofika enzi ya ruksa, milango ikafunguliwa na mitumba ikaingia. Hapo ndipo Mzee alipopata mapenzi ya maisha yake, yaani tairi lililotumika la Japani. Lazima niseme kweli, alikuwa na sababu. Wajapani hawasubiri tairi liishe. Gari zao hukaguliwa kila baada ya muda, na wengi hubadilisha tairi likiwa bado na nusu ya meno. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya milimita nane hivi. La mtumba lilitufikia likiwa na nne au tano, raba yake nzuri, limenyooka. Mzee alilipima kwa njiti ya kiberiti aliyoichora mistari kwa ukucha, akalipigapiga ubavu kama mnunuzi wa ng'ombe, kisha akasema jina la kampuni polepole, kama anayemtaja shemeji mheshimiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja tairi jipya la Mchina. Majina yake hakuna aliyeweza kuyatamka, na kila kontena lilikuja na jina lingine. Bei yake ilikuwa juu kidogo tu ya mtumba. Mzee hakutaka hata kuliona. "Bora kanzu kuukuu ya hariri kuliko mpya ya kaniki," alisema, na wateja wakacheka. Mimi nikawa nimeshajifunza kusoma ubavu wa tairi, na kusoma huko ndiko kulikotuharibia.

Tangu mwaka 2000 tairi hugongwa tarakimu nne za tarehe mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukiona 2308, ni wiki ya 23 ya mwaka 2008. Kabla ya hapo zilikuwa tatu tu. 238 inaweza kuwa wiki ya 23 ya mwaka 1998, inaweza kuwa ya 1988. Kwa hiyo tairi lenye tarakimu tatu lina jambo moja la hakika, kwamba limetoka kiwandani kabla ya mwaka 2000.

Mwaka 2003 alikuja mwenye Noah, anasafiri na familia kwenda Mbeya. Mzee akamchagulia manne ya Japani, meno yanapendeza macho. Nilikuwa nafunga la pili nilipoziona zile tarakimu tatu, na karibu na bega la tairi nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa ghalani. Hewa na joto huikausha, na meno hayakwambii kitu. Nikasema, kwa sauti, mbele ya mteja, "Mzee, hili huenda lina miaka kumi na mitano."

Kosa langu lilikuwa hapo, na nimekuwa na muda mrefu wa kulifikiri. Ningemwita pembeni. Ningesema, "Mzee, naomba unisaidie kuangalia hapa," akaangalia mwenyewe, akalirudisha ghalani kwa heshima yake. Kijana uliyemtoa kwenye pampu ya mguu hakusahihishi mbele ya mwenye fedha. Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia mteja, "Huyu anasoma namba, mimi nasoma tairi." Mteja akacheka, akalipa, akaondoka.

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka karibu na Ruaha Mbuyuni, saa nane mchana, kwenye lile joto linalofanya lami ing'ae kama maji. Gari lilitoka barabarani, likasimama kwenye kichaka. Hakufa mtu, mke wa yule bwana alivunjika mkono. Habari zilipofika kijiweni kwetu Msamvu, Mzee alinitazama kwa muda, akasema nimewaombea mabaya. Nikabeba begi langu. Nikafungua kijiwe changu hatua mia mbili kutoka kwake, nikaandika kwenye ubao: TAIRI MPYA TU.

Sasa nitasema upande wake, maana hayupo wa kuusema.

Tairi la bei nafuu nililouza miaka yote hii linakwenda vizuri sana mahali ambapo hakuna mtihani. Kutoka nyumbani hadi sokoni, kilomita arobaini kwa saa, jua kali, lami kavu, hata mimi ukinifunga kitambaa machoni sitakwambia ni tairi la nani. Litalia kidogo kwenye mwendo, litadunda kidogo kwenye tuta, basi. Tofauti husubiri mvua. Raba ya tairi si raba tupu. Ndani yake mna masizi ya kiwandani yanayoipa weusi na nguvu, mna salfa ya kuiivisha, na tangu miaka ya 1990 matairi mazuri hutiwa silika kwa wingi ili yashike lami iliyolowa. Silika ni ghali, na kuichanganya ni ufundi. Anayetaka kuuza rahisi huipunguza, au huifanya raba iwe ngumu ili idumu, na raba ngumu kwenye maji ni sabuni. Gari zima limeikanyaga dunia kwa sehemu nne, kila moja kama kiganja cha mkono. Kiganja kikiteleza, breki zako za maelfu hazina kazi.

Nilijifunza hili kwa gari langu mwenyewe. Masika ya mwaka 2006, mvua ya kwanza, ile inayochanganyika na mafuta na vumbi la miezi, nilikuwa nashuka kuelekea mzunguko wa Msamvu kwenye Corolla yenye tairi zangu mpya nne, zile nilizokuwa nikizisifu kila siku. Nilikanyaga breki mahali nilipozoea kuikanyaga. Gari halikusikia. Lilienda moja kwa moja, kwa upole kabisa, hadi kwenye mkokoteni wa mananasi. Nililipa mananasi yote. Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe wake, akaona kila kitu. Hakucheka. Jioni alimtuma mtoto aniletee nanasi moja.

Sikumrudishia neno. Nilikula nanasi.

Lakini sikubadili ubao, na hapa bado nabishana naye ingawa yuko kaburini. Tairi jipya la bei nafuu udhaifu wake unaujua. Unapunguza mwendo kwenye mvua, unaacha nafasi mbele yako, unafika. Tairi kuukuu la jina kubwa udhaifu wake umejificha ndani ya nyuzi, na litakuchagulia lenyewe siku na mahali. Mzee angejibu kwamba mteja hapunguzi mwendo kwenye mvua. Ni kweli, hapunguzi. Basi hapo tukakwama, naye akafa tukiwa tumekwama hapo.

Kilichonikera zaidi hakikuwa Mzee hata hivyo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mjini, jina lake silitaji, aliyekuwa akiyakwangua matairi ya mtumba mahali pa tarehe, akayapaka dawa ya viatu yakang'aa, akayauza kwa bei ya karibu na mpya. Ameshajenga ghorofa. Sisi wawili hatukuwahi kumkwangulia mtu tarehe. Mzee alikuwa hazisomi, lakini hakuzifuta.

Na ninyi vijana mnaokaa vijiweni leo na kompresa ya umeme, niwaambie mambo ambayo hamtaki kuyasikia. Ile namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 44 au 51, ni mwisho wa uwezo wake, siyo kipimo cha gari. Kipimo cha gari kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa gari nyingi ndogo za Kijapani kimeandikwa 220, ambayo kwenye geji zenu ni 32. Mnajaza 45 "gari liwe jepesi", tairi linavimba tumbo, linakanyaga kwa katikati tu, halafu mnasema Mchina hana tairi. Mwingine anatembelea 20 mwezi mzima. Ubavu unakunjwa na kukunjuka hadi unachemka, likipasuka mnasema tena ni Mchina. Mnafunga tairi la gari dogo kwenye Hiace ya abiria kwa sababu rimu imekubali. Rimu inakubali chochote! Someni namba inayofuata ukubwa: 91 ni kilo 615, na 107 la Hiace ni kilo 975. Tofauti hiyo ni abiria wako. Na likija la mtumba lililoandikwa STUDLESS, acheni kulisifia kwamba raba yake laini. Ni laini kwa sababu lilitengenezwa kwa theluji. Kwenye lami ya Dumila mwezi wa Januari linayumba kama uji na kuisha kama kifutio.

Nimeacha kazi mwaka huu. Magoti yamekataa. Kijiwe nimemwachia mpwa wangu, ubao bado upo.

Siku ya mazishi tulikuwa tunampeleka Mzee kwao Matombo, njia ya milimani, na mawingu yalikuwa yameshashuka Uluguru. Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu yake mwenyewe. Watu wakiwa wanaimba, mimi nilizunguka gari, maana siwezi kupita karibu na gari bila kutazama chini. Mbele kulikuwa na mawili ya Japani, meno ya kutosha njiti. Nyuma kulikuwa na mapya mawili ya Mchina. Na kwenye nozeli za yale ya nyuma palikuwa na vifuniko vya kijani. Mjini hapa anayeweka vifuniko vya kijani ni mimi tu. Huagiza kwa mtu mmoja Kariakoo. Nikamuuliza mwanawe yamenunuliwa lini. Akasema mwaka jana, Mzee alimtuma konda mmoja, akamwonya asiseme ni ya nani.

Sijui alikuwa amekubali, au fedha zilikuwa zimepungua, au alitaka tu kuona. Niliazima geji kwa dereva wa Coaster, nikapima. La kushoto nyuma lilikuwa na 24. Gari lina jeneza, lina watu sita, linapanda mlima na mvua inakuja. Nikawaambia wasubiri. Mpwa wangu akaleta kompresa, nikapiga goti kwenye tope, nikafungua kile kifuniko cha kijani, nikajaza.